Kopo la Ribiti na Kuku wa Wakwe

Jumatano, 20 Machi 2019. Asubuhi jua kali. Mchana mawingu yamepanda kutoka upande wa Soweto, saa tisa ikapiga mvua ya mawe kidogo hapa Rosettenville, kisha kimya. Umeme hakuna tangu saa nne.

Vijana wangu wa ibada ya Kiswahili ya kule Berea, mliniomba niwaandikie kuhusu kazi yangu. Nimeahirisha tangu Krismasi. Mimi nimeishia darasa la saba Morogoro, na ninyi wengine mmesoma mpaka chuo huko Lubumbashi na Bukavu, mkifika hapa mkashika mkasi wa saluni au rungu la ulinzi. Nani niwafundishe? Lakini leo kompyuta zimezimwa, televisheni imezimwa, na mke wangu, Mama Thandi, ameniambia, "Baba Thandi, acha kuzungukazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Andika." Basi naandika.

Mnajua nilikuwa fundi bati. Wengi wenu hamjui kwamba miaka yangu ya mwisho ya kazi niliitumia kwenye ndege moja tu. Ndege ya ile vita kuu ya zamani, ya rafadha, lile panga boi la mbele, ya kiti kimoja, ya enzi ambazo babu zetu walikuwa wakipelekwa kupigana wasikokujua. Ilikaa miaka mingi kwenye shamba la mtu, kuku wakitagia ndani ya bawa. Rubani mstaafu aliyekuwa akirusha ndege za abiria, Bwana Pieter, akainunua vipande vipande, akaileta kwenye banda katika kiwanja kidogo cha ndege mashariki ya jiji, akasema atairusha mwenyewe kabla hajafa. Sisi tulikuwa watu wa kumfikisha hapo. Au wa kumuua. Hilo lilikuwa wazi kwa kila aliyeshika nyundo pale.

Nilianzia kwenye ndoo. Kwetu Morogoro nilikuwa natengeneza ndoo, makarai na majiko. Nilipomfuata Mama Thandi huku, alipokuwa anarudi kwao baada ya ukimbizi wake kwetu Morogoro, nikapata kazi ya kunyoosha mabati ya magari kwenye karakana ya Doornfontein. Huko ndiko alikonikuta Mreno mmoja mzee, mzaliwa wa Msumbiji, aliyeleta gari lenye ubavu uliobonyea. Wote walimwita Tio Abílio, yaani mjomba. Aliniangalia nikigonga, akaondoka, akaja tena kesho yake bila gari. Akaniuliza, "Nani alikufundisha kusikiliza bati?" Nikamwambia ndoo. Ndoo ikivuja mteja anakurudishia siku hiyo hiyo, na majirani wanasikia. Akacheka mpaka akashika kiuno. Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye banda la ndege.

Tuliongea Kiingereza cha karakana, chenye Kireno chake, Kizulu cha Sipho, kijana tuliyefanya naye kazi, na matusi ya wote. Hapa nayaweka maneno yao kwa Kiswahili. Nikikosea maana, kosa ni langu.

Sasa sikieni kidogo kuhusu ndege yenyewe, maana msipoielewa hamtaelewa nilichofanya.

Bawa lake halina mstari ulionyooka hata mmoja. Limepindwa kama jani. Waliolichora hawakutuonea huruma mafundi, ila walikuwa na sababu. Tio alinisimulia kwamba wachoraji walitaka kujua kama lazima kila ribiti, yaani kile kimsumari kinachobana bati kwa bati, ilazwe iwe sawasawa na bati, au nyingine zinaweza kuachwa na kichwa cha duara, kwa sababu kulaza ni kazi ngumu na vita ilikuwa na haraka. Basi wakachukua njegere kavu zilizopasuliwa nusu, wakazibandika kwa gundi juu ya ribiti zote zilizolazwa, ziwe kama vichwa vya duara, moja moja, wakairusha. Halafu wakabandua safu moja, wakairusha tena. Safu nyingine, tena. Hivyo wakajua wapi kichwa cha ribiti kinaipunguzia ndege mbio na wapi hakidhuru.

"Njegere?" nilimuuliza.

"Njegere. Mtu mwenye akili hatafuti kifaa cha bei, anatafuta swali."

Hilo nililiandika kwenye daftari langu siku hiyo hiyo.

Na jingine. Kila mchoro ulikuwa na kisanduku pembeni, chenye orodha ya mabadiliko: hapa tulikosea, paongezwe unene, hapa pamepasuka, mbavu zisogezwe. Mwanzoni nilidhani ndege kama hiyo mtu mmoja mwenye kipaji aliiota, wengine wakaijenga. Sivyo. Ilitengenezwa kwa makosa yaliyoandikwa. Kuna mchoro mmoja wa mkono wa gurudumu ambao orodha yake ilikuwa ndefu kuliko mchoro wenyewe.

Tulipobandua bati la zamani la bawa la kushoto, tulikuta kwa ndani alama ya penseli. Duara dogo limezungushia ribiti tatu, na herufi moja pembeni, M. Tio akavaa miwani zake mbili, moja juu ya nyingine, akatazama sana. Akasema viwandani wakati wa vita wengi waliopiga ribiti walikuwa wanawake. Huyu M alijua ribiti zake tatu zimekaa vibaya, akaziwekea duara ili zamu inayofuata izitoe. Zamu inayofuata haikuzitoa. Ndege ikaenda vitani nazo, ikarudi.

Ile alama nitairudia.

Ribiti za ukingo wa mbele wa bawa hazikuwa za kawaida. Zilikuwa za alumini ngumu, na ukiipiga ikiwa ngumu inapasuka. Kwa hiyo tulizipika kwanza kwenye tanuri la chumvi iliyoyeyuka, kisha tukazitosa kwenye maji baridi. Hapo zinakuwa laini kama udongo wa mfinyanzi. Lakini laini hiyo haikai. Ukiziacha mezani zinaanza kukomaa zenyewe, bila moto, bila kitu, dakika kwa dakika. Dawa ni baridi kali. Tulikuwa na friza bandani, na ribiti zilikaa humo ndani ya makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na karatasi yenye saa lilipoingizwa. Ukilitoa, una robo saa. Zikibaki, huzirudishi kwenye friza. Unazipika upya. Kwa sababu baridi inazuia kukomaa, ila ugumu uliokwisha kuingia haiuondoi. Na ukizishika, huwezi kujua. Zote ni baridi, zote zinang'aa.

Friza ilikuwa ya ribiti. Tio alikuwa ameandika hivyo kwa kalamu nyekundu kwenye mfuniko. Lakini ilikuwa Februari 2015, mgao wa umeme umepamba moto kama sasa, na bandani kulikuwa na jenereta. Mnajua watu wa mji huu. Kwanza alikuja mtu na maziwa ya mtoto. Nani atamkatalia? Kisha wa samaki. Kisha Sipho, mwenzangu wa kupiga ribiti, akaja na kichwa cha kondoo kwenye mfuko, tukikitazama nacho kinatutazama. Tio alipiga kelele siku mbili, halafu akawa anafungua friza huku ameangalia dari.

Mimi nilikuja na kuku. Jumamosi ile wajumbe wa upande wa mume walikuwa wanakuja kuzungumza lobola, yaani mahari, ya Thandi, binti yetu. Mama Thandi alinunua kuku sita, akawaosha, akawapaka viungo, umeme ukakatika. Akaniambia, "Wapeleke kwenu kwenye ndege. Na wakiharibika, usirudi nyumbani, hamia humo humo ndani ya bawa."

Kuku sita hawaenei pale palipo na kichwa cha kondoo. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, chini ya paa la bati, joto la kuoka mkate. Nikalitoa kopo la ribiti, nikaliweka juu ya meza, nikaanza kupanga kuku. Sipho akaniona, akaniita mzee kwa lugha yao.

"Madala! Kuku hao wote ni wa nani?"

"Wa wakwe."

"Eish. Na wewe Mtanzania ndiye utakaa kuzungumza lobola? Watakupa mbuzi mmoja na shati, utashukuru kwa magoti."

"Nitakaa kimya, shemeji zangu watazungumza. Mimi nitakunja uso tu."

"Kunja tuone."

Nikakunja. Akasema ule si uso wa baba wa binti, ni uso wa mtu aliyekanyaga msumari. Akanionyesha wa kwake. Birika likachemka, tukanywa chai, akanifundisha nikohoe wakati gani, nikatae kiti wakati gani. Ilikuwa nzuri. Nilikuwa na hofu ya ile Jumamosi na yule kijana aliniondolea hofu, na sitaki mtu amlaumu Sipho kwa lolote katika habari hii. Kisha nikaliona kopo. Nikalirudisha kwenye friza, chini ya kuku.

Daftari langu la siku hiyo linasema kopo lilikaa nje dakika kumi. Ninalo hapa, nimelisoma tena kwa mshumaa. Si kweli. Birika lile peke yake lilikuwa halichemki kwa dakika kumi.

Saa nane tulipiga ribiti arobaini na sita za lile kopo kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Kazi ile ni ya watu wawili. Sipho alikuwa nje na nyundo ya hewa. Mimi, kwa kuwa mikono yangu ni myembamba, nilipitisha mkono kwenye matundu ya mbavu na kushika kile kipande cha chuma kinachokinga ribiti kwa nyuma, ili mkia wake ufumuke. Ndani huoni kitu. Unasoma kwa kidole.

Baada ya kama kumi hivi Sipho akasimama.

"Madala, leo ribiti zina kichwa kigumu kama chako."

"Piga," nikamwambia.

Akapiga. Ya ishirini na kitu nilipapasa mkia wake nikasikia ukingo unaokwaruza, kama ukucha uliovunjika. Nikajiambia ni chembe ya bati. Nikaifuta kwa kidole na haikufutika, nikaenda inayofuata.

Vijana, nataka mlielewe lile bati tulilokuwa tunalibana. Tio Abílio alilikunja kwa mkono, kwa wiki sita, kwenye gurudumu la kunyooshea na nyundo ya mbao, akilijaribu juu ya mbavu, akilitoa, akiligusa mahali pasipoonekana, akilirudisha. Macho yake yalikuwa yanaondoka. Alijua, sisi tulijua. Lilikuwa la mwisho kwake. Lilipokaa, ungepitisha kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho ukafikiri umegusa shingo ya farasi. Na ribiti mbaya haitoki kwa kuombwa. Unaitoboa kwa drili katikati, na mkono ukiyumba unakula shimo, na mashimo yakilika bati limekufa.

Kwa hiyo mbele yangu palikuwa na mambo mawili. Nikisema, huenda naliua bati la mzee. Nikinyamaza, Bwana Pieter ataenda juu na ukingo ule ukipokea upepo wote. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo naona haya kulitaja: kazi yangu, na uso wangu kwa watu. Sitawadanganya kwamba sikulifikiria. Nililifikiria kwanza.

Kisha nikamkumbuka M. Nikajifariji naye. Ribiti zake tatu zilikuwa mbaya, zikaenda vitani, zikapigwa risasi, zikarudi. Zangu zitarushwa Jumapili mchana tu, watu wakila nyama choma chini. Nilirudi nyumbani na wazo hilo kama mtu aliyebeba yai.

Mama Thandi alikuwa ananisubiri mlangoni. Hata salamu hakunipa.

"Kuku wako wapi?"

"Kwenye friza, wameganda."

"Waliganda moja kwa moja? Hawakuyeyuka njiani ukawagandisha tena?"

"Hata kama, si wameganda?"

Akaniangalia vile anavyonitazamaga nikivaa soksi za rangi mbili. "Baba Thandi. Nyama iliyoyeyuka hairudishwi kwenye baridi. Ukiirudisha inaonekana nzima, ndiyo maana inaua watu. Hukuyajua hayo umri huu wote?"

Nilikaa chini. Akafikiri naumwa. Nikamwambia yote, kopo, chai, kukohoa, ukucha uliovunjika. Akasema, "Kuku ni wa wageni wangu. Ribiti ni za yule rubani, mtu mwenye mke. Yeye nani atamwambia?"

Ijumaa nilifika mapema. Tio alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha turubai, anapapasa lile bati, akitabasamu peke yake. Hiyo ndiyo picha iliyonipa shida kuliko zote. Nikavua kofia.

"Tio, ribiti za jana zilipata joto kabla sijazipiga."

Hakuondoa mkono kwenye bati. "Muda gani?"

"Dakika kumi."

Akageuza sikio kwangu.

"Si kumi," nikasema. "Chai nzima na maongezi. Zaidi ya nusu saa. Pengine saa."

"Ngapi?"

"Arobaini na sita."

Ndipo nikaufanya ujinga wa kujitetea. Nikamwambia kuhusu M, kwamba ribiti zake mbaya zilirudi salama. Tio akavua miwani zote mbili. Sijawahi kumwona mzee yule amekasirika kabla ya hapo wala baadaye, na hata hapo hakupaza sauti.

"Yule mwanamke alizungushia duara," akasema. "Wewe mpaka asubuhi hii hukuzungushia." Akatoa penseli nyuma ya sikio, akanipa. "Anza."

Nikazizungushia zote. Sipho alipoingia akaona ukingo mzima una madoa ya penseli kama ugonjwa wa tetekuwanga, akanitazama, kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Akaenda kuwasha mashine ya hewa.

Nilidhani Tio atazitoa mwenyewe au atampa Sipho, mwenye mkono mtulivu. Alinipa mimi drili. Akakaa karibu na sikio lake kwenye bati. Ndiyo, sikio. Alisikiliza kila shimo. "Punguza," anasema. "Simama. Pumua. Endelea." Siku nzima. Jumamosi mimi niko kwenye lobola nimekunja uso, na Sipho alipotuma ujumbe kuuliza inaendaje, nilimjibu nimekohoa mahali pasipostahili.

Jumatatu tulimaliza kuzitoa. Mashimo mawili yalilika. Mawili kati ya arobaini na sita. Yote mawili ni mkono wangu, hakuna wa kushirikiana naye. Tuliyapanua kidogo tukaweka ribiti za saizi inayofuata, mkaguzi akaruhusu. Ukijua pa kutazama utayaona hata leo.

Ribiti zilizotoka Tio alizimwaga juu ya kitambaa cheupe, tukazikagua kwa kioo cha kukuzia. Saba zilikuwa zimepasuka mkiani. Thelathini na tisa hazikuwa na kitu. Nawaandikia hesabu hiyo kwa sababu ningependa kuwaambia nilimwokoa mtu, na siwezi. Huenda thelathini na tisa zingebeba mzigo wa saba. Wachoraji wale walikuwa wameacha nafasi ya watu kama mimi. Huenda zisingebeba. Sijui, na Tio nilipomuuliza alisema hata yeye hajui, na kwamba tulizitoa kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha akaniletea kitabu cha kazi cha ndege, kile ambacho kila kilichofanywa kinaandikwa na kusainiwa. Nikamwambia mwandiko wangu mbaya, aandike yeye. Akasema macho yake mabaya, niandike mimi. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuombaomba: ribiti arobaini na sita za ukingo wa mbele zimetolewa na kuwekwa mpya, zilipata joto, kosa langu. Nikasaini. Bwana Pieter alikuja akasoma, akasoma tena. Nilikuwa nimeshaweka vifaa vyangu kwenye mfuko. Akafunga kitabu, akatoka, nikasikia gari linaondoka. Sipho akasema, "Sharp, madala, ilikuwa vizuri kukufahamu."

Kesho yake Pieter alirudi na friza ndogo nyuma ya gari. Juu ya mfuniko alikuwa ameandika CHAKULA. Ile ya zamani akaifunga kwa kufuli, ufunguo akanipa mimi. Si Tio wala Sipho. Kwa muda nilidhani ananidhihaki. Mama Thandi alisema hapana, mtu mwenye mke hafanyi dhihaka na kitu kama hicho.

Ndege iliruka mwaka 2017, mwezi wa Juni, asubuhi ya baridi isiyo na wingu. Tio alikuwa haoni tena ila mwanga. Alisimama ameshika bega langu, akageuza uso kuifuata kwa sauti. Ilipopita juu yetu mara ya pili akanibonyeza bega. "Makovu yako mawili," akasema, "yanashika?"

"Yanashika, Tio."

"Basi endelea kuyatazama. Mimi siwezi."

Niliyatazama mpaka Pieter akatua na kuzima injini. Tio alifariki mwaka uliofuata, na mwaka huo huo nikastaafu.

Mliniomba niwaandikie siri za kazi. Za nyundo na bati ningewafundisha kwa mkono, si kwa kalamu. Hii nimeiandika kwa sababu najua wengi wenu mnashika vitu vya watu: nywele za mtu, nguo ya harusi ya mtu, lango la mtu. Mkikosea, na mtakosea, bebeni penseli.

Saa kumi na mbili na nusu sasa. Umeme wanasema utarudi saa mbili. Friza yetu imekuwa ikitiririsha maji jikoni tangu mchana, na ndani alikuwamo kuku mmoja mkubwa aliyewekwa kwa ajili ya Jumapili, Thandi akija na mumewe na mtoto. Nikamwambia Mama Thandi labda tungojee, bado ana ubaridi ukimgusa. Alimtoa kwenye friza. Aliwasha jiko la gesi.

Tumekula kuku huyo kwa ugali na mchicha, nusu tumempelekea jirani. Jumapili watakula maharage.